Betri ya gari la safari fupi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Natoka Sinza hapa Dar, nafika Mwenge, gari linashinda juani hadi jioni, narudi. Ndiyo safari yake siku tano za wiki, na ndani ya miezi 14 liliniulia betri mbili. Ushauri niliopewa ulikuwa mwingi. Sehemu kubwa haikuwa kweli, na watu wanaendelea kupoteza hela kwa kuuamini.

"Stata ndiyo inayomaliza betri." Hii niliiamini kuliko zote. Lakini piga hesabu. Stata, ile mota inayoamsha injini, kwenye gari dogo huvuta kama ampea 150 kwa sekunde mbili tu, yaani chini ya ampea-saa 0.1 (ampea mara saa). Altaneta, jenereta inayozungushwa na injini kuchaji betri, hurudisha hicho ndani ya dakika chache. Sasa litazame gari likiwa limezimwa na kufungwa: alamu, saa, redio, kumbukumbu ya kontrol boksi (kompyuta ya gari), na siku hizi kile kifaa cha kufuatilia gari, vyote vinanyonya. Hata vikivuta ampea 0.05 kwa pamoja, kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2, zaidi ya mara kumi ya ulichotumia kuwasha. Jumamosi na Jumapili gari likiwa limelala uani, betri inaliwa kimyakimya.

"Liache silensa dakika kumi, linachaji." Kwenye silensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, altaneta inazunguka polepole na kutoa umeme kidogo, na huo unagawanywa kwa feni, kiyoyozi na taa kwanza. Betri inapata makombo. Tena betri ya gari, ambayo ni ya risasi na asidi, haijai kama ndoo iliyo chini ya bomba. Ikiwa tupu hupokea haraka. Ikikaribia asilimia 80 inapunguza kasi, na sehemu ya mwisho inataka saa kadhaa. Sisi wa safari za dakika 10 hatufiki huko kamwe. Betri inabaki nusunusu, na juu ya sahani zake za risasi unajengeka ukoko mweupe wa salfeti. Ukiachwa wiki baada ya wiki, unakuwa mgumu na chaji haiuondoi tena. Hivyo ndivyo betri changa zinavyokufa.

"Likiwaka, betri ni nzima." Nilinunua mita ndogo ya kupimia volti. Asubuhi moja, kabla sijagusa ufunguo, nilifungua boneti nikaweka ncha nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi: volti 12.1. Betri iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6 au 12.7, kwenye 12.2 imebaki nusu. Nikapiga stata, gari likawaka bila shida. Lingeendelea kuwaka hivyo hadi siku lingenigomea.

"Chomoa kichwa cha betri gari likiunguruma, uone kama altaneta inachaji." Fundi akitaka kufanya hivi kwenye gari lako, mzuie. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa gari. Ukiichomoa ghafla volti zinaruka na zinaweza kuunguza kontrol boksi, ambayo bei yake haifanani kabisa na ya betri. Mita hiyohiyo inatoa jibu: gari likiunguruma, magari mengi husoma kati ya volti 13.8 na 14.7.

Kuhusu betri kavu, ndani nayo ina asidi na salfeti inaishika vilevile. Tofauti ni kwamba huongezi maji. Na joto la Dar si rafiki wa betri hata kidogo, linaichakaza haraka, kwa hiyo kivuli cha mwembe ni mali.

Mimi sasa nina chaja ya ukutani ya ampea 4, inayojipunguza yenyewe betri ikijaa. Ijumaa usiku nabana vibanio kwanza, ndipo nawasha soketi, boneti ikiwa wazi na mahali pana hewa, maana betri ikichaji hutoa haidrojeni. Sigara na jiko la mkaa vikae mbali. Asiye na soketi karibu na gari apange safari moja ndefu kila wiki, kama kwenda Bagamoyo na kurudi. Betri iliyoshuka sana haitajaa kwa hiyo safari moja, lakini itapumua.

Jumamosi iliyopita nilizima chaja, nikaiacha betri ipumzike saa tatu, nikapima. Ilisoma 12.7.