Vitenzi vya kawaida vya Kihispania: yanayosemwa na yalivyo

“Kila kitenzi kina maumbo yake ya kukariri.” Hapana. Vitenzi vya Kihispania huishia na -ar, -er au -ir, basi, na vile vya kawaida hufuata kanuni ya kundi lao. Ukishaijua hablar, kuzungumza, unazo trabajar na comprar mkononi. Makundi ya -er na -ir yenyewe hupishana mahali pachache tu: comemos, tunakula, lakini vivimos, tunaishi.

“Wakati ujao ndio mgumu.” Ndio mwepesi kuliko zote. Kitenzi hakikatwi, unakibandika tu -é, -ás, -á, -emos, -éis au -án mwishoni: hablaré, comeré, viviré. Makundi yote matatu ni hivyo hivyo.

“Vile vialama juu ya herufi ni mapambo.” Hapa ndipo Waswahili tunapoteleza. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi huivuta habló ikawa hablo. Ya kwanza ni “alizungumza”, ya pili “nazungumza”: umebadili mtu na wakati kwa mkupuo mmoja. Vivyo hivyo hable, “azungumze”, na hablé, “nilizungumza”. Anayetofautisha barabara ya lami na kazi iliyofanywa barabara ana sikio tayari. Asome kwa sauti, si kwa macho.

“Subjuntivo, lile umbo la kutaka na kuomba, ni anasa ya wasomi.” Dhana hii hunishangaza zaidi ikitoka kwa Mswahili, maana kila siku anasema “nataka uzungumze”, haachi ile -e ya mwisho. Quiero que hables ni hiyo hiyo. Kwa sadfa tu, hata irabu zinafanana: habla hugeuka hable. Kwenye -er na -ir mambo ni kinyume: come huwa coma, vive huwa viva. Tena si ya vitabuni. Ukimwomba mtu mzima, kwa heshima, azungumze polepole, utamwambia hable más despacio, nawe umeshaitumia.

“Herufi ikibadilika, kitenzi si cha kawaida.” Pagar, kulipa, huandikwa pagué kwa “nililipa”. Ile u imewekwa kulinda sauti ya g, kwa sababu ge ya Kihispania hutamkwa karibu na kh yetu. Kwa sikio, hakuna kilichovunjika.

“Lazima umudu habláis, yaani ‘mnazungumza’.” Ukienda Uhispania, ndiyo. Meksiko, “mnazungumza” ni hablan, umbo lile lile la “wanazungumza”. Na Argentina utakutana na hablás, “unazungumza”, ambayo majedwali mengi huiruka.