Nolle si ushindi: maneno ya mahakamani tunayoyaelewa nusunusu

Kijana wa Tandahimba aliingia steshenari kwetu, hapa Mtwara mjini, akicheka peke yake. "Kaka, nitolee kopi kumi. DPP kaingiza nolle, kesi nimeshinda." Alitaka kila aliyemsema kijijini apate nakala yake.

Nami, kwa sababu nimekaa karibu na mahakama miaka mingi nikichapa makaratasi ya watu (nachapa tu, kuandika hati ni kazi ya mawakili), nikamwambia akae kwanza.

Nolle prosequi ni Kilatini, maana yake kutotaka kuendelea na mashtaka. Anayetaka au kutotaka ni Mkurugenzi wa Mashtaka, ndiye huyo DPP, na anaweza kusema hivyo wakati wowote kabla ya hukumu. Mahakama itamwachia mshtakiwa. Ila kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kuachiwa kwa namna hiyo peke yake hakuzuii kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale, ingawa marekebisho ya 2023 yanataka kwanza ushahidi uwe wa kutosha. Ndiyo maana kabla ya hapo uliweza kumwona mtu anatoka kizimbani asubuhi, ndugu wanamkumbatia, na kabla hajafika getini askari wamemshika bega.

Lawama nyingine naiweka kwenye Kiswahili chetu cha habari. Kiingereza cha mahakama kina "discharged" na kina "acquitted", na hayo ni mambo mawili. Wa kwanza kaondolewa kizimbani, basi. Wa pili mahakama imemkuta hana hatia, na upande wa mashtaka ukinung'unika njia yao ni rufaa. Hawawezi kumfungulia upya kosa lilelile. Sisi wote wawili tunawaandika "ameachiwa huru", kisha tunashangaa huru gani hii inayorudi rumande.

Kopi zikashuka kutoka kumi hadi mbili. Moja yake, moja ya mama yake.

Neno jingine linaloleta machozi ni "power of attorney". Wengi wakisikia "attorney" wanamwona mwanasheria mwenye joho. Siyo lazima. Ni mtu yeyote mzima uliyemwamini ukampa mamlaka kwa maandishi afanye jambo kwa niaba yako: auze, apokee fedha, asimamie shamba. Dhana mbaya zaidi ni kwamba karatasi hiyo inaishi kuliko aliyeitoa. Alikuja mama mmoja na mwanawe, karatasi wameipiga laminesheni kabisa. Mjomba mtu alimpa kijana mamlaka juu ya mikorosho yake, na kwa mila zetu za upande wa mama, mpwa kwa mjomba si mgeni. Mjomba akafariki. Msimu ulipofunguliwa kijana akaenda nayo kwenye chama cha msingi cha ushirika kudai malipo, wakamrudisha. Walikuwa sahihi. Kwa kawaida mamlaka hayo hukatika mtoaji anapokata roho. Kuanzia hapo anatakiwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi safari hiyo huanzia Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili kitupu, hata wakili si lazima.

Wapo pia wanaodhani "alibi" ni jina la kistaarabu la uongo. Kilatini chake ni "mahali pengine", hakuna zaidi. Mshtakiwa anasema siku hiyo nilikuwa Lindi, si Masasi. Anatakiwa kutoa taarifa mapema ili upande wa pili uchunguze, lakini hana wajibu wa kuithibitisha. Mzigo wa kuthibitisha kosa unabaki kwa aliyeshtaki. Na "prima facie", yaani ana kesi ya kujibu? Hajafungwa. Ameambiwa tu zamu yake ya kusema imefika.

Halafu kuna ile inayopigwa kama rungu: ignorantia juris non excusat, kutojua sheria si utetezi. Ni kweli, na Kanuni ya Adhabu inayo. Watu wanaivuta mpaka wanasema basi kutojua chochote si utetezi. Hapo wamekosea. Ukiokota korosho chini ya mikorosho ya mpakani ukijua ni ya jirani, kisha useme hukujua wizi ni kosa, hutasikilizwa. Lakini ukiokota ukiamini kwa dhati miti ile ni yako, uliachiwa na bibi, na mpaka ndio huo ulioonyeshwa tangu utoto, sheria hiyohiyo ya adhabu inakutambua: ulidai haki yako kwa nia njema bila kusudi la kulaghai. Unaweza kushindwa kesi ya ardhi na bado usiwe mwizi.

Tangu marekebisho ya 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, nasikia watu wakisema Kilatini kimekufa. Bado wananiletea "affidavit" nichape. Nayo maana yake ni kwamba mtu ameapa, kwa hiyo mwenye maneno lazima aende mwenyewe mbele ya kamishna wa viapo, aape na kusaini akionekana. Humtumi shemeji. Wiki iliyopita mzee mmoja aliniomba nimgongee muhuri tu yaishe. Nikamwonyesha wangu. Umeandikwa IMELIPWA.