"Senta yupo, atazuia" na dhana nyingine kuhusu ulinzi wa nje katika mpira wa kikapu

Dhana: Ukipitwa nje si neno, senta, yule mrefu anayelinda karibu na kikapu, yuko ndani.

Hii inasikika kwenye timu zilezile zinazolalamika kwamba zina mtu mrefu kuliko wote uwanjani na bado zinafungwa.

Senta ni mmoja, na ana mtu wake wa kukaba. Mlinzi wa nje akiachwa hatua ya kwanza, senta ana mawili: amfuate mwenye mpira au abaki. Akibaki, ni pointi mbili rahisi. Akitoka, mtu wake yuko huru. Mwenzake akikimbia kuziba pengo hilo, anaacha jingine nyuma yake, na pasi mbili tu zinatosha kulifikia. Hakuna miguu inayoushinda mpira kwa kasi.

Hasara inaanza kwa senta mwenyewe. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, faulo 5 zinakutoa mchezoni, na timu ikishafanya faulo 4 katika robo, faulo inayofuata ya ulinzi inampa mpinzani mitupo huru miwili. Pia senta aliyetoka kuzuia hayupo kumziba mtu wake, kwa hiyo ribaundi, yaani mpira unaorudi shuti likikosa, inachukuliwa na mshambuliaji, saa ya shambulizi inawekwa sekunde 14 na mnaanza kulinda upya, safari hii mkihema. Hata shambulizi lenu linaumia. Kila mkifungwa mnaanzia mpira mstari wa mwisho, wapinzani wameshajipanga, na mashambulizi ya haraka yanapotea. Halafu lawama anapewa mfungaji wenu!

Mfano mzuri ni Juni 2021, mchezo wa sita wa mtoano kati ya Utah Jazz na LA Clippers wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Jazz walikuwa na Rudy Gobert, senta aliyekuwa Mchezaji Bora wa Ulinzi wa NBA msimu huo, na waliongoza kwa pointi 25. Clippers, bila nyota wao Kawhi Leonard, wakawa wanawapita walinzi wa nje, Gobert anaingia kusaidia, mpira unatolewa kwa mtu wake, Terance Mann, aliyeachwa wazi. Mann alifunga pointi 39, zikiwemo za mitupo 7 ya pointi tatu. Clippers walishinda 131–119, Jazz wakatolewa. Waliomlaumu Gobert walitazama mwisho wa tukio tu.

Dawa iko kwenye miguu. Unapomkimbilia mpigaji, theluthi mbili za mwanzo kimbia kwa nguvu zote, theluthi ya mwisho kata hatua fupifupi, kiuno chini, mkono mmoja juu. Simama umbali wa mkono. Kisha mlazimishe aende pembeni, usimpe katikati kamwe, maana akiingia katikati anaona kona zote mbili, lakini pembeni mstari wa uwanja unakusaidia kulinda. Kuna makocha wasiokubaliana na hili. Mazoezini jaribu yote mawili, uhesabu vikapu.

Dhana: Mitupo ya pointi tatu ni bahati, waache wapige.

Fanya hesabu. Mitupo 20 ya tatu ikiingia 7 ni pointi 21. Kuzipita kwa mitupo 20 ya mbili lazima uingize 11. Tena FIBA mstari wa pointi tatu uko mita 6.75, lakini kwenye kona ni mita 6.60 tu, na kona ndiyo huachwa kwanza.

Dhana: Anayepora mipira mingi ndiye mlinzi bora.

Hesabu pia mara alizokosa. Kila akichomoa mkono akaukosa mpira, wenzake wanalinda wanne dhidi ya watano.

Dhana: Tuhamie zoni, kila mlinzi alinde eneo badala ya mtu, tatizo litaisha.

Zoni inaficha mguu mzito kwa dakika chache. Mpinzani akiweka mtu kwenye mstari wa mitupo huru na wapigaji wawili kwenye kona, wale walinzi wa nje waliokuwa wakichelewa wana eneo kubwa zaidi la kukimbia. Itumie baada ya mapumziko ya kocha, kwa mashambulizi mawili au matatu ya mpinzani, kisha rudi mtu kwa mtu.

Dhana: Ruka umzuie kila shuti.

Ndivyo unavyomruhusu akuzuge, akupite, akaenda kumpa senta wako faulo ya tatu.