Lugha ya Kibali: maneno yanayowaponza wageni wa Bali

Tangu Gavana Wayan Koster atoe Waraka Namba 7 wa Machi 24, 2025 kuhusu mwenendo wa wageni kisiwani Bali, Indonesia, maswali yanayofika kwenye kitengo chetu cha lugha na desturi yamebadilika sura. Zamani wasafiri waliuliza jinsi ya kusema asante. Sasa wanauliza kwa nini walizuiwa kwenye ua wa hekalu ilhali tiketi wamelipia, au kwa nini mzee aliyejifunga shuka ya drafti nyeusi na nyeupe aliwarudisha hotelini saa nne asubuhi. Hatuna sababu ya kudhani kuwa walikusudia ubaya. Waraka wenyewe umeandikwa kwa Kiindonesia, ila unapofika kwenye mambo ya ibada, neno linalobeba katazo ni lile wanalolitumia Wabali wenyewe. Msafiri hutafsiri sentensi nzima kwa simu, neno hilo moja likabaki lilivyo, naye akaliruka.

Tumalize jambo moja kwanza, kwa kuwa barua za namna hii zimetuzidi: Kibali humu ni lugha ya watu wa Bali. Kitengo hiki hakitoi kibali cha kuingia, kukaa wala kufanya kazi kokote.

Kibali pia si Kiindonesia kilichopindishwa. Kiindonesia ni lugha ya darasani, benki na mahakamani. Kibali ndicho kinachosemwa jikoni, hekaluni na kwenye baraza la mtaa liitwalo banjar. Kanuni ya Gavana Namba 80 ya mwaka 2018 imekipa nguvu zaidi: mabango ya ofisi, barabara na mahekalu huandikwa kwa hati ya Kibali juu ya herufi za Kilatini, na katika ofisi na shule lugha hii hutumika kila Alhamisi, siku za mwezi mpevu (Purnama) na mwezi mwandamo (Tilem), pamoja na sikukuu ya kuzaliwa kwa mkoa. Mwezi wa Februari wote ni Bulan Bahasa Bali, mwezi wa lugha hii. Kwa wanaouliza: hapana, mgeni anayejibu kwa Kiindonesia siku ya Alhamisi hatozwi faini.

Wengi hutuomba orodha ya maneno hamsini ya kukariri. Orodha hiyo haitakusaidia, na huenda ikakuponza, kwa sababu Kibali kina ngazi. Neno huchaguliwa kwa kutazama anayesema ni nani, anasema na nani, na anamtaja nani. Kiswahili kina shikamoo na marahaba, kisha mkubwa na mdogo huendelea kula kwa kitenzi kimoja. Katika Kibali kitenzi chenyewe hubadilika. Kuhani au mtu wa ukoo wa heshima akila, husemwa marayunan. Mtu akijishusha kusema kwamba yeye amekula, husema nunas, neno ambalo pia ni kuomba. Ngajeng ni la adabu ya kawaida, lafaa kwa mtu usiyemjua. Madaar ni la nyumbani, baina ya marafiki na ndugu. Halafu kuna ngamah. Hili ni la mbwa na nguruwe, na kwa binadamu ni tusi. Waraka wa 2025 unakataza kutoa maneno machafu au ya kuwavunjia heshima wenyeji, maofisa na wageni wenzako, hata mitandaoni. Mtu aliyefundishwa ngamah na rafiki wa baa, akadhani ni mzaha mtamu, hana pa kujitetea vizuri.

Viwakilishi vina mtego uleule. Jitaje kwa tiang. Icang waachie wanaofahamiana. Kwa mtu usiyemjua daraja lake tumia jero, au ragane ukihitaji kusema "wewe". Msomaji wa Kiswahili atasikia watu wakiitana cai, linalotamkwa kama chai yetu. Hakuna anayeagiza kinywaji: ni "wewe" ya kumwambia mwanamume wa chini yako au rika la karibu sana. Chini yake zaidi kuna iba, ambalo pia ni "wewe", la ugomvini. Ukilisikia likielekezwa kwako, hujashutumiwa wizi, lakini ondoka hapo.

Na Wabali wenyewe hufanyaje wanapokutana wasijuane? Huuliza. Swali la adabu ni antuk linggih, na linggih ni kikao, mahali pa kuketi. Kwa tafsiri ya maana, mtu anauliza: umeketi wapi katika jamii, ili nijue nikusemeshe kwa ngazi gani? Mgeni haulizwi hivyo na hatakiwi kuuliza. Kwa wanaokuzidi umri kidogo, bli kwa kaka na mbok kwa dada vinatosha.

Majina nayo yana utaratibu. Wayan, Putu au Gede ni kifungua mimba. Made, Kadek au Nengah ni wa pili. Nyoman au Komang wa tatu. Ketut wa nne. Wa tano anarudi kuwa Wayan. Kwa hiyo ukiandika kwenye fomu ya malalamiko kwamba "Wayan wa sokoni" amekudanganya, hujamtaja mtu yeyote. Familia nyingi sasa huishia kwa watoto wawili, na akina Ketut wanazidi kuadimika. Gavana huyuhuyu, ambaye naye ni Wayan, amekuwa akihimiza wazazi wafike wanne ili majina ya Nyoman na Ketut yasipotee.

Salamu tutapita haraka. Om Swastiastu ni ya kukutana, matur suksma ni ya kushukuru, na suksma mewali ni ya kuitikia. Ampura ni samahani, na utaihitaji. Kenken kabare ni "habari gani", na hiyo kabar ni mtoto wa neno lilelile la Kiarabu lililotuzalia habari. Ukiulizwa kal kija, unakwenda wapi, hauhojiwi na polisi. Jibu melali, natembea tu, kisha endelea.

Tuje kwenye hekalu, maana huko ndiko matatizo yanakozaliwa.

Hekalu la Kibali, pura, kwa kawaida lina nyua tatu. Wa nje ni nista mandala, au jaba. Wa kati ni madya mandala. Wa ndani kabisa ni utama mandala, au jeroan, penye vihekalu vidogo viitwavyo pelinggih. Waraka unasema mgeni haruhusiwi kuingia ua wa kati wala wa ndani, isipokuwa amekwenda kusali, amevaa mavazi ya Kibali ya ibada, na hayumo katika hedhi. Masharti haya matatu yanakwenda pamoja. Tiketi inakuingiza kwenye eneo la kivutio. Haikufanyi mwenye kusali. Tumeulizwa mara nyingi mno kama saruni ya kukodi mlangoni inatosha. Ile saruni, kamen, hufunika miguu, na mshipi wa kiunoni, selendang, ni sehemu ya mavazi hayo. Havifuti masharti mengine.

Kuhusu hedhi, wasomaji kadhaa wametuandikia kwa hasira wakiona ni dharau kwa wanawake. Neno la kulijua hapa ni cuntaka, hali ya kutokuwa safi kiibada. Hali hiyo humpata pia mwanamume aliyefiwa nyumbani kwake, hata kama ni mzee wa kanisa lake huko atokako na ameoga mara tatu. Kuzaliwa kwa mtoto huileta vilevile. Unaweza kutoipenda kanuni hii. Kuipinga mbele ya mlango wa hekalu hakutakusaidia.

Njiani utakutana na canang sari, kisahani cha ukuti mchanga wa mnazi kilichowekwa chini, mlangoni au juu ya dashibodi ya gari. Ndani yake mna tambuu na chokaa, vitu ambavyo bibi wa Lamu au Unguja angevitambua mara moja, kisha maua yaliyopangwa kwa rangi na upande: meupe mashariki, mekundu kusini, ya njano magharibi, na ya buluu au kijani kaskazini. Kijiti cha udi kikiwa bado kinawaka, usikiruke. Sadaka zilizowekwa chini kabisa bila pambo kubwa huenda zikawa segehan, za viumbe wa chini. Wala usidhani vitu hivi vimetupwa, ukavisukuma kwa mguu ili upige picha.

Maelekezo ya njia ni somo jingine ambalo wasafiri hulidharau. Mbali na mashariki (kangin) na magharibi (kauh), Wabali huelekezana kwa kaja, upande wa mlimani, na kelod, upande wa baharini. Ukiwa jijini Denpasar, kusini mwa kisiwa, kaja ni kaskazini. Ukivuka milima hadi Singaraja, kaja inakuwa kusini, kwa sababu mlima sasa uko upande huo. Ramani ya simu haina kosa, na aliyekuelekeza hana kosa. Zaidi ya njia, upande wa kaja ni mtukufu: kihekalu cha nyumbani hujengwa pembe ya kaja na kangin, na watu hulala vichwa vikielekea huko. Choo na banda la nguruwe hukaa kelod. Aliyekodi nyumba akageuza kitanda na kuanika nguo za ndani upande wa kihekalu ataona sura za wenyeji wake zikibadilika bila kuambiwa neno.

Sasa taratibu. Tozo ya mgeni wa kigeni ni rupia 150,000, inatokana na Sheria ya Mkoa Namba 6 ya mwaka 2023 na ilianza kutozwa Februari 14, 2024. Hulipwa kupitia mfumo wa Love Bali, bila fedha taslimu, vizuri zaidi kabla ya kusafiri. Ukilipa unapata msimbo wa kuonyesha unapotakiwa. Ni mara moja kwa ziara, maadamu hujatoka Indonesia: ukienda kisiwa jirani cha Lombok ukarudi, hulipi tena, ukienda Singapore ukarudi, unalipa. Wanaosamehewa ni pamoja na wenye viza za kidiplomasia, wahudumu wa vyombo vya usafiri, wenye vibali vya ukaazi na wanafunzi wenye viza ya masomo. Tozo hii si viza. Tunarudia: si viza. Kupitiliza muda wa viza kunashughulikiwa na Uhamiaji, faini ikiwa rupia 1,000,000 kwa kila siku. Ukizidisha siku 60 hakuna tena kulipa ukaondoka kwa amani, ni kufukuzwa na kuzuiwa kurudi. Kufukuzwa huweza pia kufuata kosa la utovu wa heshima kwa mahali patakatifu. Mei 2022 mwanamke wa Kirusi na mumewe waliondolewa nchini kwa picha ya utupu kwenye mti mtakatifu wa Tabanan.

Neno litakalokuhusu wewe binafsi kisheria ni tamiu. Sheria ya Mkoa Namba 4 ya mwaka 2019 inatambua vijiji vya kimila, desa adat, ambavyo ni takriban 1,500, na inawagawa watu katika makundi matatu: krama, wenyeji walioandikishwa kijijini, krama tamiu, Wabali Wahindu waliotoka kijiji kingine, na tamiu, wengine wote wanaokaa hapo kwa muda. Ukikodi nyumba kwa miezi, jiandikishe kwa viongozi wa kijiji, prajuru, kupitia mwenye nyumba wako. Usingoje kuulizwa. Kila kijiji kina sheria zake, awig-awig, na maamuzi ya nyongeza, pararem, hivyo kilichoruhusiwa Ubud usikitarajie lazima kiruhusiwe kwingine. Kosa huhesabiwa kuwa na pande mbili: sekala, yanayoonekana, na niskala, yasiyoonekana. Ndiyo maana mtu aliyekwisha kulipa faini ya serikali anaweza bado kutakiwa kugharimia ibada ya kusafisha mahali alipopachafua. Hilo si kutozwa mara mbili, kama mwandishi mmoja alivyotulalamikia kwa herufi kubwa tupu.

Yule mzee wa shuka ya drafti ni pecalang, mlinzi wa kijiji. Kazi yake huonekana zaidi siku ya Nyepi, mwaka mpya wa kalenda ya Saka, ambayo mwaka 2025 iliangukia Machi 29 na mwaka 2026 Machi 19. Makatazo ni manne: amati geni, kutowasha moto wala taa, amati karya, kutofanya kazi, amati lelungan, kutosafiri, amati lelanguan, kutojiburudisha. Huanza saa kumi na mbili asubuhi na kwisha saa hiyohiyo kesho yake. Uwanja wa ndege wa Ngurah Rai hufungwa kwa saa 24 na intaneti ya simu huzimwa. Mgeni hubaki ndani ya eneo la hoteli yake, taa zikiwa zimefifishwa na mapazia yamefungwa. Ufukwe ulio mbele ya chumba chako ni nje. Kutembea kwa miguu ni lelungan, hata bila viatu.

Mgonjwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa huruhusiwa kupelekwa hospitali. Usitoke mwenyewe kutafuta gari: mwambie mhudumu wa hoteli, yeye atawasiliana na pecalang, nao wataisindikiza gari ya wagonjwa. Ukisimamishwa kwa sababu nyingine yoyote, sema ampura, taja jina la hoteli, na urudi ulikotoka. Majadiliano na hoja za haki za mtalii ziweke hadi Nyepi ipite na ofisi zifunguliwe.