Polaraizesheni ya miale ya gama: mambo yanayoeleweka vibaya

Wengi wanadhani ili kupima polaraizesheni ya miale ya gama (yaani mawimbi yake yanatikisika kwa mwelekeo mmoja kwa kiasi gani), satelaiti inafungwa kichujio kama kile cha kamera, kinazungushwa, basi kazi imeisha. Hapana jamani, miale ya gama inapita hapo kama hakuna kitu. Kinachofanyika ni kwamba fotoni (chembe ya mwanga) inaingia kwenye ditekta, inagonga elektroni, inaruka pembeni (ndo mtawanyiko wa Compton) halafu inadakwa sehemu nyingine ya ditekta ileile, na kwa vile fotoni hupendelea kuruka kwa nyuzi 90 kutoka kwenye uga wake wa umeme, unakusanya nyingi, unachora zimeruka pande zipi, ukiona grafu inapanda na kushuka mara mbili ndani ya duara zima hapo ndo unaanza kujiuliza kama kuna polaraizesheni.

Nasema unaanza, maana dhana mbaya kuliko zote ni kwamba grafu ikipanda na kushuka tu ushapata jibu. Umbo la ditekta peke yake linaweza kuleta hiyo hali! Tena kiwango cha polaraizesheni hakishuki chini ya sifuri, kwahiyo fotoni zikiwa chache kelele zenyewe (yaani kupanda na kushuka kwa bahati tu) zinasukuma jibu juu. Mwaka 2003 Coburn na Boggs walitumia data za RHESSI, satelaiti iliyotengenezwa kuchunguza Jua, wakatangaza GRB 021206, mlipuko wa miale ya gama kutoka anga za mbali, una polaraizesheni ya asilimia 80 hivi. 2004 Rutledge na Fox wakachambua data hizohizo, hawakuona ishara yoyote ya kuaminika. Hiyo stori kila anayeanza kusoma mambo haya anapaswa aisikie kwanza kabisa.

Halafu kuna wanaosema polaraizesheni ikitoka ndogo basi chanzo hakina mpangilio wowote. Si lazima. Kifaa cha POLAR, kilichorushwa 2016 na maabara ya anga ya China, Tiangong-2, kilipima milipuko mitano vizuri na wastani ukawa kama asilimia 10 tu, ila kwenye mmoja kulikuwa na dalili kwamba mwelekeo wa polaraizesheni unabadilika mlipuko ukiendelea, na ukijumlisha fotoni zote pamoja mielekeo tofauti inafutana.

Na Crab je, lile wingu la mabaki ya nyota iliyolipuka, lenye pulsa (nyota ndogo inayozunguka kwa kasi) katikati? Pale satelaiti ya INTEGRAL ilipata kama asilimia 46 (matokeo ya 2008), mwelekeo ukilingana na mhimili wa mzunguko wa pulsa, na hapo kuna raha moja: chanzo hakizimi, unarudi tena na tena kukusanya fotoni, wakati mlipuko ukishapita umepita.

Satelaiti ya IXPE iliyorushwa 2021 msiichanganye humu, ile inapima eksirei.