Grafini ndani ya kompositi za nyuzi za kaboni: inafanya nini pigo linapotua?

Mwaka 1970 kampuni ya Rolls-Royce ya Uingereza ilikuwa ikiijaribu injini yake mpya ya eropleni, RB211. Mapanga ya feni ya mbele yalikuwa ya nyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa resini (gundi inayoganda), nyenzo iliyoitwa Hyfil, nyepesi mno kuliko metali. Likaja jaribio la kumezwa kwa ndege wa mabawa: mzoga wa kuku hufyatuliwa kwa kasi kuingia kwenye injini, kuiga ajali ya ndege huyo angani. Mapanga yakasambaratika. Kampuni ikarudi kwenye metali ya titani, na Februari 1971, ikiwa imeelemewa na gharama za injini hiyo, ikafilisika.

Uzi wenyewe si dhaifu. Una unene wa takriban maikromita 5 hadi 7, na ukiuvuta kwa urefu wake unastahimili mkazo kuliko chuma cha kawaida. Udhaifu uko kwingine. Kompositi hujengwa kwa kupanga matabaka membamba ya nyuzi, moja likielekea huku, jingine kule, kisha yote hugandishwa kwa resini, mara nyingi epoksi. Kati ya tabaka na tabaka hakuna uzi unaovuka. Kuna epoksi tupu, na epoksi ikishakauka ni ngumu lakini hupasuka upesi.

Pigo likitua, bamba hupinda. Kwa kuwa kila tabaka lina mwelekeo wake, kila moja hutaka kupinda kivyake, na epoksi iliyo katikati ndiyo inayobeba ugomvi huo. Nyufa ndogo huanza, zikifika mpakani mwa matabaka hutambaa kando, na matabaka hubanduka. Alumini ikigongwa hubonyea, fundi akaona. Kompositi yaweza kuangukiwa na spana, juu pakabaki alama ndogo, ndani matabaka yamebanduka eneo pana. Bamba hilo likivutwa bado hustahimili vizuri. Likibanwa ndipo kila tabaka hujikunja peke yake na yote kushindwa. Ndiyo maana mafundi hukagua kwa mawimbi ya sauti. Hili si jambo la maabara tu: karibu nusu ya uzito wa Boeing 787, inayorushwa pia na Kenya Airways na Air Tanzania, ni kompositi.

Hapo ndipo grafini inapoingia. Ni karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja, iliyotengwa mwaka 2004 katika Chuo Kikuu cha Manchester na Andre Geim na Konstantin Novoselov, waliopata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2010. Vipimo vya 2008 vilionyesha kuwa karatasi isiyo na dosari hustahimili mkazo wa gigapaskali 130 hivi. Watu huikariri namba hiyo kana kwamba ukiimwaga grafini kwenye resini nguvu yote inahamia humo. Haihamii. Kinachochanganywa ni vijipande bapa vya karatasi kadhaa zilizopandana, au oksidi ya grafini (grafini iliyoungana na oksijeni), na kwa kawaida havifiki hata asilimia 1 ya uzito wa resini.

Kazi ya vijipande hivyo ni kuuchosha ufa. Ufa ukikutana na kijipande, hauwezi kukikata kirahisi; hulazimika kukizunguka, kugeuza mwelekeo, au kukichomoa kutoka kwenye epoksi. Kila hatua hula nishati ya pigo, na nishati iliyoliwa hapo haiendi kubandua matabaka. Faida huonekana zaidi kwenye mapigo ya mwendo mdogo, kama zana inayoanguka. Risasi inapopita, nyuzi zenyewe hukatika, na resini haina mengi ya kusaidia.

Shida kubwa ni kuchanganya. Grafini hupenda kushikamana yenyewe kwa yenyewe, na usipoikoroga ipasavyo hutoa madonge kama uji uliokorogwa vibaya. Donge halizuii ufa. Ndilo linaloanzisha ufa. Watafiti hutumia mawimbi ya sauti ya masafa ya juu au mashine ya roli tatu kuitawanya. Ukizidisha kiasi, resini inakuwa nzito na haipenyi vizuri, na nyuzi zilizosongamana huchuja vijipande vikabaki upande mmoja. Oksidi ya grafini ina vikundi vya oksijeni vinavyoshikana vizuri na epoksi, kwa hiyo hutawanyika kwa urahisi zaidi. Wengine huipaka kwenye nyuzi moja kwa moja. Lakini mshiko nao una kipimo chake: ukikaza kupita kiasi, uzi hauchomoki tena, na bamba huvunjika ghafla.

Tena grafini ina mshindani aliyetangulia. Chembe za plastiki isiyopasuka upesi zilizowekwa kati ya matabaka zimetumika kwenye eropleni kwa miaka mingi, na zinafanya kazi. Kwa hiyo ukisoma kwamba grafini imeimarisha kompositi, usiangalie nguvu ya kuvuta. Tafuta jaribio ambalo bamba limeangushiwa uzito kwanza, kisha likabanwa mpaka likashindwa, na uone limelinganishwa na epoksi tupu au na hiyo yenye chembe za plastiki.