Kipima sukari cha nyumbani: mbona namba zinapishana?

Namba ile hutoka wapi hasa?

Hutoka kwenye stripu, kile kijipande chembamba unachochomeka kwenye mashine. Ncha yake ina mfereji mwembamba unaofyonza damu, na ndani yake kuna kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kikemia) kilichokaushwa. Kimeng'enya hicho huinyang'anya glukosi elektroni, kemikali nyingine huzibeba hadi kwenye elektrodi (kipande kinachopokea umeme), na mashine hupima umeme unaopita. Sukari ikizidi, umeme nao huzidi. Kwa hiyo stripu mbovu itakudanganya hata mashine ikiwa mpya kabisa.

Mama amepima akapata 14.2 mmol/L (milimoli za sukari kwa lita ya damu). Amenawa, akarudia, akapata 7.1. Mashine imekufa?

Kwanza muulize alikuwa ameshika nini. Aliyetoka kumenya embe hubaki na sukari kwenye ngozi, na tone la damu ni dogo mno: stripu nyingi za siku hizi hazihitaji hata maikrolita 1. Sukari hiyo kidogo ya embe inatosha kupandisha namba. Kupangusa kwa spiriti hakuiondoi vizuri. Anawe kwa maji na sabuni, kisha akauke kabisa, maana maji yakibaki huzimua damu. Pasipo maji, afute tone la kwanza kwa pamba safi na kupima la pili.

Achome ubavuni mwa ncha ya kidole, ambako maumivu ni machache. Asubuhi za Julai hapa Nairobi vidole huwa barafu na damu haitoki. Anawe kwa maji ya uvuguvugu na kuning'iniza mkono kwa muda. Asikamue kidole kwa nguvu, kwani majimaji ya mwilini yatachanganyika na damu. Ncha ya stripu iguse tone tu, ifyonze yenyewe.

Tofauti ndogo isiwatie hofu. Kiwango cha kimataifa cha vipima sukari, ISO 15197 cha 2013, kinataka angalau 95% ya vipimo visipishane na maabara kwa zaidi ya 15% sukari inapokuwa 5.55 mmol/L au zaidi. Chini ya hapo, visipishane kwa zaidi ya 0.83. Maabara ikisema 10, basi 9 na 11 zote zinakubalika. Lakini 14.2 na 7.1 kwa dakika chache, hapo kuna kosa.

Stripu zikae wapi?

Ndani ya mkebe wake, kifuniko kikibanwa mara tu unapotoa moja. Mkebe una dawa ya kunyonya unyevu, na unyevu ndio unaoua kimeng'enya. Usiziweke karibu na jiko lenye mvuke, juu ya kabati chini ya mabati, wala kwenye dashibodi ya gari. Nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 4 na 30. Soma mkebe wako. Andika juu yake tarehe uliyoufungua. Na tafadhali, usinunue stripu za kuhesabiwa zilizotiwa kwenye karatasi, hata zikiwa bei rahisi.

Upungufu wa damu una athari?

Ndiyo, na wengi hawaambiwi. Chembe nyekundu zikipungua, mashine nyingi husoma juu kuliko ukweli. Anayetumia insulini anaweza kuongeza dozi kwa sukari ambayo haipo. Mwambie daktari, alinganishe na kipimo cha maabara.

Na vile vimiminika vya ioni vinavyotajwa kwenye utafiti wa vipimo?

Ni chumvi zilizo majimaji chini ya nyuzi 100. Hupitisha umeme na karibu hazivukizi, kwa hiyo watafiti wanaotengeneza elektrodi huzikanda na unga wa grafiti badala ya mafuta ya parafini ili elektroni zipite kwa wepesi. Baadhi zina sumu. Ni kazi ya maabara.

Namba ikishuka chini ya 4.0?

Usingoje, hasa akitetemeka na kutoka jasho. Koroga vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji, anywe, kisha pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda, ale chakula. Chokoleti haifai hapa, mafuta yake huchelewesha sukari. Akizimia, usimtie chochote mdomoni: mlaze ubavu na umkimbize hospitali.